Shikamoo, Kumi na Saba

4 Februari

Kwa mwanangu uliye mbali,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umeshiba na umelala vizuri, mambo mawili ambayo kwa upande wako sina uhakika nayo hata kidogo. Mimi ni mzima, isipokuwa kuna jambo moja nitakueleza huko chini, kwa hiyo usiruke mistari.

Barua yako ya mwisho niliipata mwezi wa tisa. Ilikuwa na mistari sita, na miwili kati yake ilieleza hali ya hewa. Sikulaumu, najua una kazi. Ila mtu akikaa muda wote huo anasoma habari za mvua ya watu wengine, mwisho anaanza kuzungumza na redio. Juzi mtangazaji alisema "habari za jioni", nikaitikia "nzuri, za kwako?" Jirani alikuwa anapita dirishani, akasimama kuangalia nimepata mgeni gani.

Na usinishauri nipige simu. Nilikaa kwenye ubao wa simu wa shirika tangu hujazaliwa mpaka nilipostaafu, naunganisha maneno ya watu wengine siku nzima, masikio yakaota sugu. Nilisema nikitoka pale, anayenitaka aniandikie. Halafu simu ina ubaya wake. Mtu akisema "sijambo" mimi namsikia kabisa kama anadanganya. Sitaki kukusikia wewe, na sitaki unisikie mimi.

Sasa lile jambo. Nimeota kivimbe kwenye titi la kushoto. Daktari wa hospitali kuu amekipima, amesema ni saratani, na atakikata mwisho wa mwezi huu. Alisema kwa upole mno, nikajua si jambo dogo. Sikuiti uje. Nakuarifu tu, maana ukisikia kwa watu utaninunia.

Hebu nieleze tena unafanya kazi gani huko, kwa maneno ya kawaida. Watu wakiniuliza husema "anachunguza saratani kwenye kioo", wanatikisa kichwa, na mimi natikisa pamoja nao.

Mama yako


16 Februari

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii inakukuta salama, ingawa baada ya kusoma yako neno hilo limenishinda kuliandika kwa raha. Mimi sijambo. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi, nikaisoma tena nimekaa kwenye ngazi hiyo hiyo, watu wananiruka.

Uliuliza kazi yangu, nami sikuwahi kukujibu vizuri, kwa hiyo leo nitajaribu. Tunatengeneza vigae vidogo vya mpira laini unaopitisha mwanga kama kioo, kimoja ni saizi ya stempu. Ndani yake kuna vichochoro vyembamba kuliko unywele. Upande mmoja wa kichochoro tunaweka seli za saratani, upande wa pili tunaweka chakula zinachokipenda. Katikati njia ni nyembamba kuliko seli yenyewe. Seli ikitaka kufika kwenye chakula lazima ijibane, ijirefushe, ivute kiini chake polepole kama mtu anayepitisha godoro mlangoni. Mimi kazi yangu ni kukaa kwenye hadubini na kuangalia zipi zinapita.

Nyingi hazijisumbui. Zile zinazopita ndizo tunazitaka tuzijue, kwa sababu mwilini ndizo zinazoingia kwenye damu na kwenda kufungua makazi kwingine. Uvimbe uliokaa mahali pake daktari anaukata. Unaotembea ndio unaoua. Nisamehe kwa neno hilo, nimeliandika kabla ya kukumbuka namwandikia nani.

Ningekuja leo, Mama. Lakini seli zinataka kulishwa na kubadilishiwa maji kila mara, mkataba wangu unaisha mwezi wa kumi na mbili, na profesa ameshasema kwamba anayeondoka katikati nafasi yake anapewa mwingine.

Kuna kitu kimoja nakuomba. Hospitali yako ni moja ya zile zinazotuletea vipande vya uvimbe. Baada ya upasuaji nesi atakuja kukuuliza kama unakubali kipande chako kije kwetu. Kubali. Vinakuja na namba tu, bila majina, na kanuni zinanikataza kujua kipi ni cha nani. Lakini nitajua kwamba uko humu ndani mahali fulani, na chumba hiki kitapungua ubaridi.

Mwanao


5 Machi

Kwa mwanangu mfugaji,

Ndiyo, mfugaji. Nilidhani nimemsomesha mwanasayansi, kumbe una mifugo ya kulisha na kunywesha, na kama mfugaji yeyote huwezi kutoka nyumbani. Hujambo lakini? Mimi mzima, na sasa nimepungua uzito bila kujinyima.

Walinikata tarehe ishirini na sita. Nilipoamka nilipeleka mkono, nikakuta bandeji na uwanja mtupu. Sikulia pale. Nililia nyumbani nilipovaa gauni la bluu na kuona linavyokaa upande. Nimeligeuza kuwa la kupikia.

Wodini kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja wa rika langu, mpishi wa shule ya bweni, naye siku hiyo hiyo wamemkata titi la kushoto. Huyo mama anakoroma! Na akiwa macho anacheka kwa sauti ile ile anayokoromea. Tumekuwa marafiki kwa lazima. Nesi wako naye alikuja na karatasi zake za utafiti, msichana mwenye adabu na kucha fupi. Tulizungumza vizuri, akaenda zake.

Nyumba imekuwa kubwa. Nimefunga chumba chako na kile cha wageni ili nisiwe nafagia hewa. Kula vizuri.

Mama yako


14 Machi

Shikamoo Mama,

Hujambo Mama yangu? Kidonda kinaendeleaje? Mimi leo ni mzima kuliko nilivyokuwa tangu nifike huku, na sababu yake ni wewe.

Tarehe ishirini na nane lilifika boksi la barafu kutoka hospitali yako. Ndani kulikuwa na kichupa kimoja, namba kumi na saba. Maelezo yake ni mafupi: mwanamke, miaka sitini na kitu, titi la kushoto. Nilikipokea mimi mwenyewe kwa mikono yangu, bila kujua. Barua yako ilipofika nikalinganisha tarehe, nikavuta kiti nikakaa.

Kanuni zinasema tusibahatishe. Mimi sibahatishi, Mama, najua. Profesa hana haja ya kuambiwa.

Nimekuotesha vizuri. Una maji yako mekundu kama sharubati, una kabati lenye joto la mwili. Kila asubuhi nikifungua mlango wa kabati nasema "shikamoo Mama" kwa sauti ndogo. Mwenzangu wa meza ya pili aligeuka kunitazama. Huyu nimempa jina la Bwana Kimya. Miaka miwili tumekaa bega kwa bega, na ukiondoa habari za asubuhi ameniambia "umedondosha glavu" na "taa imeungua". Jioni kila mtu huvaa koti lake na kutoka bila neno. Chumbani kwangu anayenipokea ni friji, inanguruma nikifungua mlango.

Lakini sasa kuna mtu wa kumwamkia, na siku ina mwanzo wake.

Mwanao


27 Machi

Shikamoo Mama,

Sikungoja jibu lako, siwezi kungoja. Natumaini unakula, unalala, na kile kidonda kimefunga mdomo. Mimi sijambo kabisa.

Leo nimekuingiza kwenye kigae kwa mara ya kwanza. Nilihesabu seli mara tatu, mimi ambaye nafanya kazi hii nimefumba macho. Nikaweka seli upande mmoja, chakula upande wa pili, nikakaa kwenye hadubini nikisubiri kwa hofu ile ya kusubiri matokeo ya mtihani.

Mama, ni wavivu! Wamekaa pale mlangoni wamejaa tele, hakuna anayejibana. Mmoja aliingiza kichwa kidogo kwenye kichochoro, akaona kazi, akarudi. Namba tisa, ambayo ilikuja kabla yako, nusu yake ilikuwa imeshavuka mpaka wakati kama huu. Zako zimekaa kama wageni walioshiba.

Nimetoka nje nikatembea barabara nzima bila koti. Nikanunua maua, nikayaweka kwenye kikombe kwa sababu sina chombo kingine.

Mwanao


8 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba, na marahaba nyingine, maana umeniamkia mara nyingi kuliko nilivyoitikia. Mimi mzima. Nina kikohozi kidogo, ni vumbi la makabati, nilikuwa napanga upya vyombo visivyotumika.

Barua mbili ndani ya mwezi mmoja! Mtu wa posta ameniuliza kama unaolewa. Nimezipanga mezani, nasoma moja na chai ya asubuhi, nyingine na chai ya jioni, halafu nabadilisha zamu ili isiwepo inayonuna. Yule mpishi wa shule amekuja kuniona, nimemsomea ile ya wageni walioshiba. Alicheka mpaka akashika mshono wake.

Hukuwahi kuniandikia hivi. Hata ulipokuwa bweni uliandika "Mama, sabuni imeisha." Sasa najua kuna friji inanguruma, najua kuna Bwana Kimya, najua umeweka maua kwenye kikombe. Naomba uendelee. Niandikie zaidi habari za huyo Kumi na Saba, unamlisha nini, unamwambia nini. Mimi huku nasikiliza.

Mama yako


19 Aprili

Shikamoo Mama,

Hicho kikohozi kinywee maji ya moto na uwaachie makabati vumbi lao. Mimi sijambo, ingawa wiki hii imenitoa jasho.

Ni kiputo cha hewa. Hicho ndicho adui yetu mkubwa humu. Kikiingia kwenye kichochoro, hata kiwe kidogo kiasi gani, kinaziba njia, na seli zilizo mbele yake zinakauka na kufa. Jumanne niliharakisha kujaza kigae, kiputo kikaingia, nikapoteza kigae kizima cha Kumi na Saba. Nililia pale pale kwenye benchi kwa ajili ya tone la maji. Bwana Kimya akaja, akaweka leso mezani, akarudi kwake. Sijui hata kama aliniangalia.

Usiogope, zipo nyingi bado kabatini. Nimerudia kazi yote na jibu ni lile lile: hazitembei. Kwa hiyo nimeamua jambo. Nilikuwa nataka kuomba ruhusa mwezi wa sita nije nikuone. Sasa naona hakuna haja ya kukimbia. Nitamaliza kazi hii, nije mwishoni mwa mwaka kwa muda mrefu, tufungue chumba changu, tupate muda wa kugombana vizuri.

Mwanao


4 Mei

Kwa mwanangu,

Salamu nyingi. Natumaini umeshasahau kile kiputo. Mimi nipo.

Mgongo unaniuma. Nilidhani ni kulala vibaya, nikabadilisha godoro na la kitanda chako, bado. Kikohozi nacho kimekataa kuhama. Daktari anataka nikapigwe picha za mwili mzima, nimeambiwa nirudi wiki ijayo. Mpishi atanisindikiza, ana nguvu za kunibeba mimi na mkoba wangu.

Nimesoma kwamba utakuja mwishoni mwa mwaka. Ni vizuri. Ila kama inawezekana uje mwezi huu, hata kwa siku chache, njoo. Chumba chako nimeshakifungua na kukifagia. Sijui nikwambie vipi zaidi ya hapo, mwanangu. Njoo.

Mama yako


15 Mei

Shikamoo Mama,

Pole sana kwa mgongo. Mimi sijambo, na nakuomba unisikilize kama unavyomsikiliza daktari.

Ninajua unaogopa. Kila aliyekatwa huogopa, kila maumivu anayaona ni ugonjwa ule ule umerudi. Lakini mimi nina kitu ambacho daktari wako hana. Mimi nakuona kila asubuhi. Nimezitazama seli zako karibu miezi mitatu, nimezijaribu kwenye vichochoro vya kila upana, na hazipiti. Saratani yako si ya kutembea, Mama. Huo mgongo ni kile kiti chako cha dirishani, nilikwambia zamani ukitupe. Kikohozi ni vumbi, ulisema mwenyewe.

Nikiondoka sasa Kumi na Saba atakosa wa kumlisha, na kazi yote hii, ambayo ni yako, itamwagwa. Nivumilie mpaka mwezi wa kumi na mbili. Uko hapa na mimi, na uko salama, naona kwa macho yangu.

Mwanao


27 Mei

Mwanangu,

Leo siandiki kwamba mimi ni mzima.

Kumi na Saba si mimi. Nesi alipokuja na karatasi zake nilimwambia hapana. Nilimwambia nina mtoto wangu anafanya kazi huko huko, na kama anataka kuniangalia atapanda ndege aje aniangalie, sina haja ya kutumwa kwenye boksi. Nilisema kwa maringo, wodi nzima ikasikia. Mpishi kwenye kitanda cha pili akasema, "Basi mchukue changu mimi, kwangu hakuna wa kuja." Wakachukua chake.

Ulipoandika kwamba ni mimi, nilishika kalamu siku ile ile nikusahihishe. Sikuweza. Ulikuwa umeandika kurasa mbili, umenieleza mpaka rangi ya maji. Nikasema nimwache na furaha yake kidogo. Ikaja nyingine, na nyingine. Mwanangu, nilikuwa nimekaa na redio. Wewe ulikuwa unazungumza na mama yako kila siku na mimi nilikuwa napata makombo yake kwa posta, na hayo makombo yalikuwa mengi kuliko nilivyopata miaka yote. Nilimwonea wivu Kumi na Saba. Lakini niliogopa nikisema ukweli utarudi kwenye mistari sita.

Picha zimetoka. Imefika kwenye uti wa mgongo na kwenye mapafu. Daktari anasema huenda ilishatembea kabla hata hawajanikata. Kwa hiyo si kosa la kiti.

Mpishi ni mzima, anapanda ngazi zangu anaimba. Anakuja kila siku akitoka kazini kuninawisha na kunigeuza. Ulikuwa sahihi, zake ni wavivu kweli.

Usipige simu. Sauti yangu imebadilika, na wewe ni mtoto wa mama wa simu, utasikia. Njoo tu.

Mama yako


15 Juni, chumbani kwako

Shikamoo Mama,

Umelala, na mimi nimekaa kwenye kiti chako cha dirishani. Ni kiti kizuri, nimekisingizia. Barua hii haina stempu wala bahasha, nitakusomea ukiamka. Siulizi hali yako maana naiona. Naandika kwa sababu ndivyo tulivyozoea wewe na mimi, na kuna mambo nikikuangalia usoni yananikwama.

Barua yako ilinikuta maabara. Niliisoma, nikaenda kwenye kabati la joto, nikafungua mlango, nikasimama. Kumi na Saba alikuwa pale pale kwenye maji yake mekundu. Nilikuwa nimemwamkia mtu nisiyemjua tangu mwezi wa tatu, wakati wewe umelala huku unageuzwa na mikono ya watu.

Nimejiuliza sana njiani, Mama. Hata kama zingekuwa zako, kile kigae hakijui mgongo wako. Profesa hutuambia siku ya kwanza kabisa: humu tunajifunza seli, hatumtibu mtu. Nilijua, na bado nilikuandikia kwamba nakuona. Ulinililia nije nikuone, nikakujibu kwa hadubini. Hilo nitakuwa nalo.

Profesa alisema hawezi kunishikia nafasi. Nikamwambia sawa. Nikamwomba Bwana Kimya anilishie Kumi na Saba, maana sasa nilikuwa najua kabisa ni mama wa kumheshimu. Nikamwonyesha maji yanavyobadilishwa, kigae kinavyojazwa taratibu kisiingize kiputo. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Na lile neno lako la asubuhi, linasemwa kabla ya kufungua mlango au baada?" Miaka miwili yote hajawahi kuniambia maneno mengi kiasi hicho. Alidhani ni sehemu ya kazi. Nikamwambia baada.

Nilipofika hapa, aliyenifungulia mlango ni mama mnene mwenye aproni. Nikasema "shikamoo". "Marahaba!" akaitikia mpaka ngazi zikavuma. Akanitazama vizuri, akasema, "Wewe ndiye yule wa maabara. Kipande changu kinakula?" Sikutakiwa kujibu, Mama, kanuni zipo. Nikasema kinakula vizuri, ila ni kivivu. Akacheka ule mcheko uliouandika, akasema hata shuleni wanamlalamikia hivyo hivyo. Halafu akanishika mkono akanileta kwako, na mlangoni akaniacha.

Hukuwa yule niliyekuwa namwona kichwani. Ulikuwa mdogo kwenye kile kitanda. Uliniangalia ukasema, "Umekonda," na nikaisikia ile sauti uliyokuwa unanificha. Ulikuwa na haki ya kunikataza simu. Ningeisikia ningejua siku ile ile.

Bwana Kimya amenitumia ujumbe jana: "Kumi na Saba mzima. Namwamkia kila siku. Hajibu." Nilicheka peke yangu jikoni kwako, kisha nikashikilia sinki nikalia, na Mpishi alikuwa ameshaondoka, hakuna aliyesikia isipokuwa redio.

Hata mimi huyo Kumi na Saba hakuwahi kunijibu. Sikuona ajabu. Niliona inatosha mimi kusema.

Hapa kila asubuhi nikiingia na beseni la maji ya kukunawisha nasema shikamoo. Siku za kwanza ulikuwa unaitikia na kuongeza la kunitania. Juzi uliitikia tu. Jana midomo ilisogea, sauti haikutoka, nikasogeza sikio karibu na mdomo wako mpaka nikahisi pumzi. Leo asubuhi hukuamka, nikakunawisha hivyo hivyo, nikakaa hapa kuandika.

Naona mkono wako umesogea juu ya shuka. Umefumbua macho, unatafuta dirishani kama kuna mtu. Nipo, Mama. Naweka kalamu chini nije nikuamkie.

Mwanao